Askari Asiachiwe Mzigo wa Kuthibitisha Jeraha Lake

Mfanyakazi wa kiwanda katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi akikatwa vidole na mashine, sheria inajua la kumfanyia. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haianzi kwa kuuliza nani alikosea. Inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ndani ya siku saba, na ndani ya saa 24 iwapo mtu amefariki. Inaweka kipimo cha malipo, hadi mapato ya miezi 96 kwa aliyelemaa kabisa. Dai likishawasilishwa, mwajiri au kampuni ya bima ana siku 90 za kulilipa. Sheria hiyo ina kasoro zake, na waajiri wanaoikwepa si haba, lakini msingi wake ni wa haki: aliyemtuma mtu kazini ndiye atakayetoa taarifa ya kilichompata, na ndiye atakayelipa.

Sheria hiyo hiyo inatamka waziwazi kwamba inawahusu wafanyakazi wote, wakiwemo wa Serikali, isipokuwa wanajeshi.

Kutengwa huko kuna sababu na hatuibezi. Vita si karakana, na hakuna serikali makini ambayo ingekubali mkaguzi wa ajali za kazini aamue kama kamanda alikuwa na haki ya kupeleka kikosi chake katika barabara iliyotegwa vilipuzi. Jeshi lina sheria zake, madaktari wake, nidhamu yake na utaratibu wake wa pensheni, na kwa mambo mengi hivyo ndivyo inavyofaa kuwa. Gazeti hili halidai mwanajeshi aingizwe katika sheria ya raia. Linachodai ni kwamba dola, ilipomtoa askari katika ulinzi huo, ilijitwika wajibu wa kumpa ulinzi mwingine usiopungua ule. Kwa ushahidi wa wastaafu wenyewe, wajibu huo haujatimizwa.

Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Tangu hapo, kwanza chini ya bendera ya taifa peke yake na baadaye chini ya Umoja wa Afrika, katika ujumbe wa AMISOM, kisha ATMIS kuanzia Aprili 2022, na sasa AUSSOM, vijana wetu wamepokezana zamu katika kambi za Jubaland, ikiwemo Gedo. Wengi walirudi salama. Wengine walirudi katika majeneza yaliyofunikwa bendera, na nchi ikasimama kimya kwa heshima yao. Lipo kundi la tatu, nalo ndilo tunaloliandikia leo: waliorudi wakiwa hai ila si wazima. Yumo aliyepoteza mguu kwa kilipuzi kilichofukiwa barabarani, aliyezibwa masikio yote mawili kwa mshindo wa mizinga, aliyebaki na vipande vya chuma mgongoni ambavyo daktari aliona ni hatari zaidi kuvitoa kuliko kuviacha, na yule ambaye mwili wake hauna kovu hata moja lakini hajalala usiku mzima tangu aliporejea.

Mwanajeshi wa namna hiyo anapoachishwa kazi kwa sababu za afya, bodi ya madaktari humpima na kuuandika ulemavu wake kwa asilimia. Asilimia hiyo ndiyo itakayoamua ataishi vipi maisha yake yote yaliyobaki. Huo ni uzito mkubwa mno kuwekwa katika karatasi moja, na ungetarajia karatasi hiyo ishughulikiwe kwa uangalifu wa hali ya juu. Malalamiko ya wastaafu yanaeleza jambo tofauti, na yamekuwa yale yale kwa miaka mingi. Mstaafu anaambiwa faili yake iko Ulinzi House, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi; akifika huko anaambiwa imepelekwa Bima House, iliko Idara ya Pensheni; Bima House nao wanasubiri barua kutoka Ulinzi House. Ripoti ya siku aliyoumia haionekani. Kamanda aliyeshuhudia amehamishwa, amestaafu au ametangulia mbele ya haki. Daktari wa bodi anataka ahakikishiwe kwamba mgongo huo hauumi kwa sababu ya umri. Nauli kutoka Lodwar au Kitui inaishia katika safari ya kuuliza tu, na jibu analorudi nalo nyumbani si la kukubaliwa wala la kukataliwa. Ni la kwamba arudi mwezi ujao. Hatusemi kila ombi linaishia hivyo. Wapo waliohudumiwa upesi na kwa staha, na wapo maafisa wanaofanya kazi hii kwa moyo. Lakini haki inayotegemea bahati ya kukutana na afisa mwema ni fadhila, na askari hakuahidiwa fadhila.

Uzembe wa makarani una sehemu yake katika dhuluma hii, ila mizizi imekwenda chini zaidi, hadi kwenye swali la nani anapaswa kuthibitisha nini.

Tuangalie ushahidi uko mikononi mwa nani. Daftari la doria, ripoti ya kamanda, kumbukumbu za mawasiliano ya redio, orodha ya majeruhi waliosafirishwa kwa helikopta, maandishi ya daktari wa kambi: vyote hivyo vinaandikwa na jeshi, vinahifadhiwa na jeshi na kufungiwa na jeshi. Askari hana ruhusa ya kutoka na nakala, na akijaribu atajibu mashtaka. Kisha siku anapokuja kuomba haki yake, mwenye kabati na ufunguo anamtaka yeye alete karatasi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu chake cha 112, inasema kwamba katika kesi za madai, jambo linalofahamika hasa na upande mmoja ni juu ya upande huo kulithibitisha au kulikanusha. Kanuni hiyo inawalinda wafanyabiashara wanaogombania mzigo wa saruji. Haiingii akilini ni kwa nini isimlinde mtu aliyelemazwa akiilinda nchi yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi aliyewahi kumsindikiza mwanawe kwenye uwanja wa kuandikisha makuruti analijua. Vijana hupangwa mistari tangu alfajiri. Hukimbizwa, hupimwa kimo, huchunguzwa macho, meno, nyayo na vidole, na yule anayepatikana na kasoro ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua hurudishwa nyumbani akilia. Jeshi linajivunia ukali huo, na lina haki ya kujivunia. Lakini ukali huo una matokeo yake katika haki. Dola iliyomkagua kijana jino baada ya jino na kutangaza kwamba ni mzima imejifunga kwa tangazo lake. Akitoka mikononi mwake miaka kumi baadaye akiwa mlemavu, dola ndiyo inayopaswa kueleza kilichotokea katikati. Ikishindwa kueleza, basi ichukuliwe kwamba kilitokea kazini.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kupimwa. Watunzaji wa Hazina ya Taifa wanaogopa udanganyifu, na hofu hiyo haikuzuka hewani katika nchi ambayo imewahi kulipa mishahara na pensheni kwa watu wasiokuwepo. Mlango ukifunguliwa, watasema, madalali watajaa, vyeti vya madaktari vitauzwa, na mtu aliyeumia akicheza mpira kijijini atadai aliumia Kismayu. Hatari hiyo ni ya kweli. Kila shilingi inayochukuliwa na mlaghai inaondolewa kwenye kinywa cha mwenye haki, na gazeti hili halina huruma na walaghai. Lakini tiba ya udanganyifu ni kumbukumbu zilizoandikwa vizuri na kuhifadhiwa vizuri, na kazi ya kuziandika si ya askari. Serikali isiyotunza daftari zake haiwezi kuugeuza uzembe wake kuwa sababu ya kumshuku kila anayebisha hodi. Wakiwekwa kwenye mizani tapeli mmoja aliyepenya na wanaume na wanawake kumi waliofukuzwa mlangoni bila haki, taifa lenye aibu litajua mzani umelalia wapi.

Wakuu wa jeshi nao watataja siri za ulinzi. Ni kweli kwamba mahali ilipo kambi, silaha zilizomo na njia ambazo doria hupita haviwezi kusambazwa mitaani. Siri za namna hiyo zinaokoa maisha. Hata hivyo, haihitaji kutoa siri yoyote kumwandikia askari hati inayosema kwamba siku fulani, akiwa kazini, alijeruhiwa sehemu fulani ya mwili kwa sababu fulani, na kwamba jeshi linalijua hilo. Hati hiyo ingeweza kukabidhiwa kila majeruhi kabla hajatoka hospitalini. Tukitazama ni mateso mangapi yangeepukwa kwa ukurasa mmoja wenye mhuri, ni vigumu kuelewa kwa nini si desturi ya lazima.

Marekani ni nchi iliyokosea sana katika jambo hili kabla ya kujifunza, na makosa yake yanafaa kutazamwa. Dawa ya kuua majani iliyojulikana kama Agent Orange ilikuwa miongoni mwa sumu zilizomwagwa juu ya misitu ya Vietnam kati ya mwaka 1962 na 1971. Askari waliporudi na saratani na magonjwa ya ngozi, waliambiwa wathibitishe kwamba ugonjwa wa kila mmoja ulitokana na sumu ile. Mtu hawezi kuleta ushahidi wa pumzi aliyoivuta. Ilichukua hadi mwaka 1991 kwa Bunge la nchi hiyo kupitisha sheria iliyogeuza mambo: aliyetumikia Vietnam na kupata mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa, ichukuliwe kwamba aliupata vitani. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kizazi kilichofuata kilipitia njia ile ile kwa sababu ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Iraq na Afghanistan, na sheria yao ilitiwa saini Agosti 2022.

Hata hivyo, kutokana na uchungu huo, Wamarekani wamejenga kanuni ambazo hatuna sababu ya kuona haya kuzichukua. Ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, faida ya shaka ni ya mwanajeshi. Ofisi inayopokea ombi inalazimika, kwa sheria ya mwaka 2000, kumsaidia mwombaji kutafuta ushahidi badala ya kukaa ikimsubiri akosee. Moto ulipoteketeza ghala la kumbukumbu za kijeshi la St. Louis Julai 1973, ukala mamilioni ya mafaili, ilibidi dola itafute njia nyingine za kuthibitisha utumishi wa wahusika, kwa maana si wao waliowasha moto. Hatuzitaji kanuni hizi kana kwamba mambo ya huko yamekamilika. Mwaka 2013 maombi yaliyocheleweshwa yalipita 600,000, ushahidi kwamba kanuni njema bila watumishi wa kutosha ni ahadi hewa. Wala hatudai kwamba mfuko wa Kenya unalingana na wa Washington. Kiasi cha fidia kinaweza kutofautiana kulingana na uwezo wa nchi, lakini wajibu wa kuamini upande unaostahili kuaminiwa haupungui kwa sababu nchi ni maskini.

Kuhusu kumbukumbu, hatuwezi kupita bila kuitaja El Adde. Kambi ile ya Gedo ilivamiwa Januari 15, 2016. Siku kumi na mbili baadaye, katika kambi ya Moi mjini Eldoret, marais wa Kenya, Somalia na Nigeria walisimama pamoja kuwaombea waliokufa. Idadi yao haijawahi kutangazwa rasmi na Serikali. Ilielezwa kwamba kutaja hesabu kungewapa magaidi ushindi wa propaganda, na wiki ile, damu ikiwa bado mbichi, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Leo haina. Kimya kilichokusudiwa kumnyima adui furaha kimeishia kuwanyima manusura ushahidi. Kambi ikiteketezwa, daftari zake huteketea nayo. Na pale ambapo daftari hazipo na Serikali haijasema kilichotokea, aliyetoka humo akitambaa anabaki na neno lake tu. Kulinda hadhi ya neno hilo mbele ya bodi ya madaktari kungepaswa kuwa jambo la kwanza ambalo Wizara ya Ulinzi inalihakikisha. Vivyo hivyo kwa walionusurika katika shambulio la kambi ya Kulbiyow, nchini Somalia, mwaka uliofuata.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kuogopa kimya cha mafaili. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba mizigo ya majeshi ya Uingereza kuyapita mabonde na mito hadi makumi ya maelfu yao wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mishahara ya waliokufa kabla ya kulipwa haikuwafikia jamaa zao, kwa maelezo kwamba jamaa hao hawakupatikana. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kukiri, katika ripoti ya mwaka 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000 na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wajukuu wa wapagazi hao hawakuwa na pa kwenda kudai, maana ofisini hapakuwa na jina la babu yao. Wana wa wapagazi walipokwenda Burma na jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) katika vita vya pili, walirudi kukuta kiinua mgongo cha vita kimepangwa kwa rangi ya ngozi, mzungu akilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho.

Hayo yalikuwa matendo ya mkoloni, na Kenya huru imeyalaani kwa haki. Lakini laana hiyo inatufunga na sisi. Serikali inayoikumbusha London deni la KAR haiwezi kumwambia askari wake wa Somalia kwamba jina lake halionekani kwenye orodha.

Jeraha la akili linahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu ndilo linalokataliwa kwa urahisi zaidi. Mguu uliokatwa hauna mjadala. Lakini mwanamume anayeruka kitandani mlango ukibamizwa, anayemkimbia mtoto wake mwenyewe akilia, anayelewa mchana ili asiote usiku, huyo bado tunamwita mkorofi. Kijijini watasema amerogwa. Kambini watasema amekosa nidhamu, na akifukuzwa kwa utovu huo wa nidhamu anaweza kupoteza marupurupu yake pamoja na sare. Jeshi haliwezi kuishi bila nidhamu; hakuna kamanda anayeweza kuvumilia mlinzi anayelala lindoni au kulewa akiwa na bunduki. Lakini kabla ya kumfukuza mtu aliyekuwa na rekodi safi hadi siku aliporudi kutoka mstari wa mbele, haki inataka daktari wa akili amwone, na maoni yake yaandikwe katika faili. Mwaka 2014 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliziagiza bodi zake kutazama upya, kwa mtazamo wa kusaidia, kesi za waliofukuzwa huku wakiugua kiwewe cha vita. Hakuna jeshi lililodhoofika kwa kufanya hivyo. Na pale ugonjwa huo unapothibitishwa na daktari, asitakiwe mtu kutaja saa na dakika ya tukio lililomvunja. Inatosha kwamba alipelekwa mahali ambapo matukio ya namna hiyo yalikuwa ya kila siku.

Kwa walioumia chini ya Umoja wa Afrika, kuna ugumu mwingine. Fidia ya kifo katika ujumbe wa AMISOM iliwekwa kuwa dola 50,000, na ya ulemavu kupimwa kwa kadiri ya jeraha. Fedha hizo zimetegemea wafadhili, hasa Umoja wa Ulaya, ambao Januari 2016 ulipunguza posho za wanajeshi kwa asilimia 20. Kutoka Brussels hadi Addis Ababa, kutoka Addis Ababa hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi kwa mjane au majeruhi, kila kituo kina sababu yake ya kuchelewa na kila kituo kinanyoshea kingine kidole. Serikali ina haki ya kuwadai washirika wake kile walichoahidi, na inapaswa kuwadai bila haya. Lakini askari wa Kenya aliapa utii kwa Jamhuri ya Kenya. Hakuapa kwa mfadhili. Utaratibu pekee unaolingana na kiapo hicho ni kwamba Hazina ya Taifa imlipe askari kwanza, kisha Serikali iende Addis Ababa kudai ilichotoa. Mabishano ya mataifa na wafadhili ni ya mataifa na wafadhili, na yanaweza kuchukua miaka. Dawa za majeruhi hazisubiri.

Katiba haijanyamaza juu ya haya. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kuwawekea wanajeshi mipaka katika baadhi ya haki, nacho kinazitaja moja baada ya nyingine: faragha, kujumuika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mahusiano ya kikazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 47 hakimo katika orodha hiyo. Hicho ndicho kinachompa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri vibaya. Walioiandika Katiba waliketi, wakapima mahitaji ya jeshi, wakaamua ni haki gani mwanajeshi anaweza kupunguziwa. Hawakumpunguzia hii. Kila ombi linalokaa kimya mwaka mzima, na kila asilimia ya ulemavu inayotolewa bila sentensi moja ya maelezo, ni uvunjaji wa Katiba hata kama hakuna aliyefika mahakamani kusema hivyo.

Na wengi hawatafika. Wakili anataka malipo, na anayeshtakiwa anajua kusubiri. Hata akishinda, Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali inazuia mali ya Serikali kukamatwa ili kulipa deni, kwa hiyo hukumu inaweza kutundikwa ukutani pamoja na medali. Kumwambia majeruhi aende mahakamani, katika hali hiyo, ni kumwondolea usumbufu afisa mhusika na kuuhamishia kwa mke wa majeruhi, ambaye tayari amekuwa muuguzi, mchuuzi na mkuu wa nyumba kwa pamoja.

Tunakiri kilichokwisha kufanyika. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, na kwa mara ya kwanza wastaafu wakawa na sheria inayowataja kama watu ambao taifa lina wajibu kwao na si kama namba za pensheni. Madaktari wa Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi jijini Nairobi wameokoa maisha ya watu ambao miaka thelathini iliyopita wangekufa njiani. Hayo ni mema na tunayatambua. Lakini sheria inayowaheshimu wastaafu kwa ujumla haitoshi ikiwa ombi la mmoja wao linaweza kulala mezani bila tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo wajibu wa Wizara ya Ulinzi uko wazi. Ikubali kwa kanuni iliyoandikwa kwamba jeraha au ugonjwa wa aliyeingia jeshini akiwa mzima unachukuliwa kuwa umetokana na utumishi, hadi Wizara yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ijifunge kwa siku 90 zile zile ambazo Bunge liliona zinatosha kwa mwenye kiwanda. Muda huo ukipita bila uamuzi, mwombaji aanze kulipwa kiasi cha muda, ili gharama ya ucheleweshaji imwangukie anayechelewesha. Rufaa isikilizwe na watu ambao hawapokei amri kutoka kwa waliotoa uamuzi wa kwanza, akiwemo daktari asiye wa jeshi na mstaafu wa cheo cha chini, kwa sababu koplo na jenerali hawaingii ofisini kwa mlango mmoja. Maombi yapokelewe katika vituo vya Huduma vya kaunti, faili isafiri badala ya mlemavu.

Na wajibu wa Bunge uko wazi pia. Kila Oktoba 14, Siku ya Majeshi, viongozi huvaa nyuso za huzuni na kuweka mashada. Kabla ya Oktoba ijayo, Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni imwite Waziri, impe muda wa kujiandaa, na imtake ajibu kwa maandishi: ni maombi mangapi ya fidia ya ulemavu yamepokelewa tangu Oktoba 2011, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, mangapi hayajajibiwa, na lile la zamani kuliko yote limengoja kwa muda gani. Majibu hayo hayataji kambi wala silaha. Yasomwe Bungeni, na yawekwe kwenye kumbukumbu rasmi ambazo mstaafu yeyote anaweza kuzifungua na kujitafuta humo.